Namba Tatu Ukutani

Jumatatu, 4 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi na mvua ya kwanza imeanza, kwa hiyo mashine zimelala na mimi nimekaa kwenye kiti cha wateja kama bwana harusi aliyekimbiwa. Mke wangu husema nikiwa kazini naongea kama redio, nikifika nyumbani betri zinaisha. Basi leo redio itaandika. Labda nikiandika nitaacha kuongea peke yangu mbele ya kioo, maana juzi mteja alinifumania.

Mimi ni kinyozi. Banda langu ni chumba kimoja, viti viwili, vioo viwili, na kimoja kina ufa. Nje, kwenye ukuta unaotazama barabara, kuna vichwa vinne vilivyochorwa kwa rangi ya mafuta, kila kimoja na mtindo wake na namba yake, ili mteja asiyejua kujieleza anyooshe kidole tu. Namba moja, mbili na nne ni watu wa kubuni. Namba tatu ni mwanangu.

Alichorwa akiwa na miaka kumi na saba. Alikalishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na muda wote alikuwa akimchekesha mchoraji, ndiyo maana yule wa ukutani anacheka hadi leo na jino lake la pembeni lililompanda mwenzake linaonekana. Mtaa mzima ukaanza kumwita Namba Tatu. Akaenda jeshini akiwa Namba Tatu, akapelekwa vitani huko mpakani, na mwezi wa kumi na moja wakaja watu wawili wenye kombati zilizopigwa pasi, wakavua kofia mlangoni kwetu. Alizikwa huko huko. Sisi tuliletewa begi.

Picha yake tunayo moja tu, ya jeshini. Kofia imemfunika paji la uso na mdomo ameubana kama mtu anayesubiri sindano. Huyo simjui. Mwanangu ninayemjua yuko ukutani, na leo nimeona maji ya mvua yanateremka karibu na sikio lake.

Nimefagia, nimefunga.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Vichwa vichache, kimoja cha mtoto aliyelia mwanzo mwisho. Nimefagia, nimefunga.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwa mwenye nyumba. Ni mtu mwenye mkono wa birika, na nilikwenda nikijua.

"Mfereji wa bati umeoza, mzee," nikamwambia. "Maji yote ya paa yanamwagika kwenye ukuta wangu."

"Ukuta wangu," akanisahihisha. "Mvua zikiisha tutaona."

"Zikiisha kutakuwa na nini cha kuona?"

Akatazama viatu vyake. Anamjua Namba Tatu. Alikuwa akimtuma dukani tangu akiwa mdogo. "Pole, kinyozi," akasema. "Lakini ukuta ni ukuta."

Nimepanda stuli mwenyewe nikaziba tundu kwa kipande cha ndoo ya plastiki na waya. Kimekaa upande, lakini kimekaa. Nimerudi ndani nimelowa hadi kwenye mifupa, nikamnyoa mtu huku natetemeka. Amesema hajawahi kupata mtindo kama huo. Nimefagia, nimefunga.

Jumapili, 10 Machi

Tangu mwezi ule wa kumi na moja mke wangu hajapita mbele ya banda. Akienda sokoni anazunguka nyuma kwa mafundi seremala, njia ndefu yenye matope, anarudi na viatu mkononi. Januari aliniambia niupake ukuta chokaa.

"Anacheka," alisema. "Nani kamwambia acheke?"

Nilisema moyoni kwamba mwanamke huyu ana moyo wa jiwe, na mpaka leo bado nasema.

Binti yetu alizaliwa mwaka mmoja tu baada ya kaka yake. Anakula nasi, anaosha vyombo, anasema asante mama, asante baba, basi. Asubuhi hii nimemkuta anarudi mbio, kalowa chapachapa, misuko yake inachuruzika maji.

"Unakimbilia wapi mvua yote hii?"

"Nakimbia tu, baba."

Huzuni kila mtu ana pa kuipeleka. Mimi naongea na kioo, yeye anakimbia. Nimemwacha.

Jumatano, 13 Machi

Wamefungua kituo cha kuandikisha askari kwenye uwanja wa mpira, chini ya hema. Kwa hiyo makuruta wameanza kuja. Huwa wanapenda kunyolewa kipara na kinyozi wanayemjua kabla ya kuripoti, maana wakifika kambini watakutana na mashine butu na mikono ya haraka. Sisi vinyozi wa hapa hatuwatozi kitu. Na mimi nina desturi moja niliyoachiwa na mzee aliyenifundisha kazi: nywele za anayesafiri hazifagiliwi mpaka ameshapinda kona. Si dini wala si uchawi, ni adabu tu. Usimfagie mtu akiwa bado anaonekana.

Leo wamekuja wawili. Nimewanyoa, nimesimama mlangoni mpaka wamepinda kona ya duka la baiskeli, ndipo nikashika ufagio. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Roho haikuwepo.

Baadaye akaingia kijana mmoja mgeni, akanyoosha kidole nje. "Ninyoe kama huyo anayecheka."

Kulikuwa na Kipara ndani. Huyu ni mteja wangu wa miaka mingi, tunamwita hivyo kwa sababu ndivyo alivyo. Huja kunyoa ndevu na kusoma gazeti la bure. Akakohoa kwa nguvu kumwashiria yule kijana anyamaze. Kijana akadhani anaumwa, akampa pole.

Nilimnyoa namba tatu. Ilimpendeza, na nilimchukia kwa hilo mpaka akatoka. Nimefagia, nimefunga.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua.

Jumatatu, 18 Machi

Plasta imevimba. Ukiweka kiganja kwenye shavu la Namba Tatu unasikia kuna uwazi nyuma yake, na ukibonyeza, maji yanatoka kwenye pembe ya jicho. Sijabonyeza tena.

Nimenunua turubai, nimelipigilia misumari juu ya ukuta mzima. Kipara alipofika akalitazama, akacheka. "Leo umemfunika blanketi? Ana homa?"

Kisha akasikia alichokisema. Uso ukamshuka. "Kinyozi, nisamehe. Mdomo wangu huu."

Nikacheka na mimi, kweli kabisa, tena sana. Nilipomaliza kucheka nikaenda nyuma ya pazia nikalia nikiwa na brashi ya sabuni mkononi. Kipara akajitia hamnazo, akawa anasoma habari za mpira kwa sauti kubwa, matokeo yale yale mara mbili, mpaka nikatoka. Nimemnyoa ndevu bila kumtoza. Akaacha pesa chini ya gazeti, mjinga yule.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua haijakatika tangu jana. Turubai limepaa, nimelifunga. Nimefagia, nimefunga, nimerudi kulifunga tena.

Jumapili, 24 Machi

Binti yetu ndiye aliyegundua. Alirudi kutoka kwenye kukimbia kwake, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Baba. Ukuta."

Nilitoka na ndala tofauti miguuni. Turubai lilikuwa limelala barabarani, na kile kipande changu cha ndoo kilikuwa kwenye mtaro. Plasta ilikuwa imebanduka kuanzia kwenye nyusi hadi kidevuni, na mahali pa uso wa mwanangu palikuwa na matofali tu. Nywele zilibaki. Ule mtindo, namba tatu, ulibaki juu ya matofali, safi kabisa, na chini yake hamna mtu.

Namba moja, mbili na nne hawakuguswa. Watu ambao hawakuwahi kuzaliwa, hawana mama, hawajaliliwa na yeyote, wote wamesalimika na mapanki yao. Niliokota jiwe. Nilitaka niwapige mmoja baada ya mwingine mpaka waishe. Binti akanishika mkono na jiwe likaanguka lenyewe.

Naandika haya na bado sijui niandike nini. Nilimpoteza huko mpakani bila kuona, nikawa nasema huruma ya Mungu ni kwamba sikuona. Leo nimeona. Nilisimama pale nikajua kwamba mpaka leo nilikuwa sijaamini kwamba amekufa. Kila asubuhi nilikuwa nafungua banda na kumkuta yupo. Nilikuwa namsalimia. Hakuna mtu anayejua hilo ila daftari hili.

Sikumwona mke wangu akija. Alikuja kwa njia ya mbele, ile asiyopita. Alipiga magoti kwenye matope akiwa na beseni la kufulia, akaanza kuokota vipande, kimoja kimoja, akivisafisha kwa ncha ya khanga yake kabla ya kuviweka. Watu waliokuwa wakipita walihamia upande wa pili wa barabara. Nilitaka kumsaidia. Akanipiga kofi mkononi, si kwa ukali, kama anavyompiga mtoto anayegusa chungu cha moto, nikarudi nyuma.

Jumanne, 26 Machi

Vipande viko sakafuni chumbani, chini ya dirisha, juu ya mkeka. Mke wangu anavipanga. Sikio lipo. Nusu ya mdomo ipo. Jino halipo, huenda lilikwenda na mtaro.

Nilikaa naye chini. Baada ya muda nikamuuliza kwa nini alikuwa anazunguka kwa maseremala muda wote ule.

"Ningempita kila siku ningemzoea," akasema. "Wewe ulimzoea. Ulikuwa unaniambia alivyo ukutani, huniambii tena alivyokuwa. Mimi sikutaka kumwona wa rangi akanifutia wangu."

Nilimwita jiwe. Hata kwenye karatasi hii nilimwita.

Halafu tukabishana. Alikuwa na kovu dogo la utotoni kwenye nyusi, alijigonga kwenye mlango wa kabati. Nikasema nyusi ya kulia. Mke wangu akasema kovu lilikuwa upande wa dirisha alipokuwa amelala kitandani, kwa hiyo ni kushoto, halafu akasema hapana, ni kulia, halafu akaziba mdomo kwa mkono. Vipande vya nyusi vyote viwili vimesagika.

"Kushoto," alisema binti yetu mlangoni.

"Ilikuwa kulia," nikamwambia mke wangu. "Nilikuwa namnyoa kila wiki mbili, nitasahau?"

Tuliendelea mpaka tukachoka. Nimemnyoa kichwa kile tangu kilipokuwa kinatosha kwenye kiganja changu, na sijui kovu liko wapi. Naogopa. Sijawahi kuogopa namna hii, hata siku ile ya kofia mlangoni.

Ijumaa, 29 Machi

Ajabu ya leo: mwenye nyumba ametuma fundi apige plasta mpya na abadilishe mfereji wote. Yeye mwenyewe alikuja, akasimama ng'ambo ya barabara, akaondoka. Sikuwahi kudhani nitamwombea mtu yule kheri.

Kisha nikamtafuta Fundi Rangi, aliyechora vichwa vile. Sasa anachora mabango ya maduka na macho yamemwisha kidogo, lakini mkono bado upo. Nikampa picha ya jeshini. Akaigeuza huku na huku.

"Hii siwezi, kinyozi. Mimi nachora ninachokiona. Mtu wa kweli simchori kutoka kichwani, na hiyo kofia imemla nusu. Nikilazimisha nitakuchorea mtu wa kwenye kopo la maziwa."

"Basi imekwisha?"

"Una binti. Wamefuatana, wamenyonya ziwa moja. Mkalishe yeye. Mifupa ni ile ile. Jino na kovu nitaongeza, nyie mtanielekeza."

Nilidhani mke wangu atakataa. Alinyanyuka, akafungua lile begi tuliloletewa, ambalo halijafunguliwa tangu lifike, akatoa shati la bluu la mistari. Akampelekea binti. Binti akalivaa pale pale, mikono ikamfunika vidole, akaikunja mara moja, kama kaka yake alivyokuwa akiikunja.

Jumatatu, 1 Aprili

Jua limetoka, tumebahatika. Tumemkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, misuko imefungwa nyuma kwa kitambaa. Mke wangu amekuja na kigoda chake, amekaa karibu na Fundi Rangi. Ni mara yake ya kwanza kukaa mbele ya banda langu tangu msiba.

"Inua kidevu," anasema. "Yeye hakuwa anakiinamisha."

"Goti moja juu," nasema mimi.

"Sasa cheka. Siyo hivyo. Cheka kama yeye."

Binti akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Mara ya tatu kikatoka kicheko chenyewe, kile cha kuanzia puani, na mke wangu akapiga makofi mikono yote miwili. Mke wangu amecheka! Nilikuwa nimesahau kwamba ana vishimo mashavuni. Tumemtazama binti kutwa nzima, macho yamekuwa mekundu kwa kumtazama, na hakuna aliyetaka jua lizame.

Jumatano, 3 Aprili

Tena leo. Mke wangu ameleta chakula, tumekula wote mbele ya banda, Fundi Rangi na Kipara pia. Tukamsimulia binti jinsi kaka yake alivyokuwa, hadithi anazozijua zote, naye akasikiliza kama mgeni. Wakati wa kuondoka mke wangu akamwita kwa jina la kaka yake ili amkabidhi sahani.

Binti akaitika.

Nimefagia, nimefunga, nimerudi nyumbani nikiwa na raha, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 4 Aprili

Imekamilika. Fundi Rangi ameosha brashi, akasogea pembeni ili tuone. Kutoka ng'ambo ya barabara ni yeye. Nywele ni zake, jino ni lake, shati ni lake. Kipara akavua kofia.

Mke wangu akavuka barabara, akaenda hadi pua karibu iguse ukuta.

"Huyu siye," akasema.

"Mama, bado rangi haijakauka," Fundi Rangi akasema.

"Rangi ina nini? Tazama macho. Mwanangu pale alikuwa anakuchekesha wewe, anakutazama wewe. Huyu anatutazama sisi. Anatuomba." Akageuka kwangu. "Umeniwekea binti yangu mahali pa marehemu. Futa."

Nilikasirika. Nikamwambia nimeuza mashine moja kupata hii rangi, sasa anataka nini zaidi, nimfufue? Maneno yale yalitoka mbele ya watu. Mke wangu aliondoka kwa njia ya maseremala.

Nilipobaki peke yangu nikasogea na mimi. Ni kweli. Ni macho ya binti yetu. Ningesema nimeshayaona nyumbani, lakini sikumbuki ni lini niliyaona. Nimelirudisha turubai.

Ijumaa, 5 Aprili

Sikufungua.

Jumanne, 9 Aprili

Tulikuwa mezani. Binti akamaliza chakula, akaweka kijiko, akasema, "Nimejiandikisha. Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili naripoti."

Mke wangu aliendelea kupakua, kijiko baada ya kijiko, mpaka sahani ikafurika.

"Umejiandikisha nini?" nikauliza. Swali la kijinga. Nilitaka muda tu.

"Jeshini, baba."

"Unataka kulipa kisasi?"

"Kisasi kwa nani? Simjui mtu huko."

"Basi nini? Nini, mwanangu? Umekosa nini hapa?"

Nikaona anachagua maneno ya kutoniumiza, na hilo lilinikera zaidi. Kisha akaacha kuchagua.

"Tangu afe hamjanitazama. Silaumu. Nasema tu. Nilikuwa nakimbia asubuhi ili nikirudi mtu aniulize nimetoka wapi. Uliniuliza siku moja. Nilisema kovu lilikuwa kushoto, nilikuwepo siku aliyojigonga, mimi ndiye niliyemsukuma, hamkugeuka hata shingo. Halafu mkanikalisha kwenye ndoo." Akaisogeza sahani mbali naye. "Siku zile mlinitazama. Mama alicheka. Mlikuwa mnanilisha. Nikaona kumbe nafasi ya kutazamwa nyumba hii ipo moja, na ni ya kwake. Nilikuwa bado sijaamua. Juu ya ndoo ndipo nilipoamua."

Mke wangu alisema, "Tunakutazama. Mwanangu, tunakutazama."

"Sasa hivi, ndiyo," akasema binti, bila ubaya wowote. Akakusanya vyombo akaenda kuviosha. Tulisikia maji yakimwagika jikoni na hakuna kati yetu aliyeweza kusimama.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekwenda kwenye hema la uwanjani. Mwanamke mwenye sare alinipa kiti. Nikamwambia nimeshatoa mmoja. Nikamwambia ni huyu tu aliyebaki, hatuna mwingine. Nikamwambia alidanganyika kwa sababu ya picha, ikabidi nieleze habari ya ukuta na ndoo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana chizi.

"Ni mtu mzima, mzee," akasema. "Amekuja kwa miguu yake. Akikataa mwenyewe kabla ya siku, tutamfuta. Wewe huwezi kumfutia." Halafu akasema pole, na ilikuwa pole ya kweli. Hiyo ndiyo iliyonikata maini.

Nyumbani nikamwomba. Nimepiga magoti mbele ya mtoto wangu mwenyewe. Akanishika mabega akaninyanyua.

"Naona mnaniona, baba. Lakini mmeshaanza kunitazama kama mtu aliyekufa. Nikibaki mtanitazama hivyo mwezi mmoja, halafu basi."

Nilitaka kuapa kwamba si kweli. Kiapo hakikutoka.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua ndogo. Makuruta watatu. Nimesimama mlangoni hadi wakapinda kona. Nimefagia, nimefunga.

Jumatatu, 15 Aprili

Tunamtazama. Akila tunamtazama, akifunga kamba za viatu tunamtazama. Jana alipiga chafya na sote wawili tukasimama. Ameomba tuache. Hatuwezi kuacha.

Alhamisi, 18 Aprili

Kipara aliuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Hakuchukua gazeti. Nimefagia, nimefunga.

Jumapili, 21 Aprili

Wanawake nao wananyolewa huko. Mimi sikujua. Binti alisema asubuhi hii kwamba angependa nimnyoe mimi.

Mke wangu akanivuta jikoni. "Mwambie mashine imeharibika."

"Watamnyoa wao."

"Wamnyoe. Lakini isiwe wewe. Mkono uliomnyoa yule usimnyoe na huyu."

Nikakubali. Nilitaka kukubali. Lakini mchana nikamkuta amekaa kwenye mkeka, binti yuko sakafuni kati ya magoti yake kama alivyokaa kila Jumapili tangu utoto, naye anaifumua misuko, mmoja mmoja, kwa ncha ya kitana. Kichwa kile kilikuwa mali ya mama yake. Nyumba nzima, ndicho kichwa pekee ambacho sijawahi kukishika. Alipomaliza, nywele zikasimama zote, nyingi ajabu, akazipaka mafuta kama anayezitayarisha kwa sherehe. Binti alikuwa amefumba macho.

"Mnyoe wewe," mke wangu akaniambia bila kuinua uso. "Wao watamkwangua."

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua zimekwisha. Anga ni nyeupe na barabara imekauka.

Alikaa kwenye kiti cha mbele ya kioo kisicho na ufa. Nikamfunga kitambaa shingoni. Mke wangu alisimama mlangoni, ndani, mgongo wake ukiwa kwenye mwanga.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua kitakachotokea: nywele zikiondoka, kaka yake atatokea kwenye kioo. Fundi Rangi alisema mifupa ni ile ile. Nilikuwa nimejikaza usiku kucha kwa ajili ya dakika hiyo, na, niseme ukweli, nilikuwa naingoja. Nilitaka kumwona mara moja tena.

Nikapitisha mashine kuanzia kwenye paji la uso. Nywele zikaanza kuanguka mapajani mwake, kisha sakafuni. Sikuharakisha. Upande wa kushoto, upande wa kulia, kisogoni. Nilipofika nyuma mkono wangu ukasimama.

Mwanangu alikuwa na chogo. Miaka yote nililizunguka chogo lile, ninalijua kuliko ninavyoujua mlango wa nyumba yangu. Binti hana. Kichwa chake kimeshuka sawasawa hadi shingoni, chembamba, na masikio yamesogea juu kidogo, na utosini nywele zina mizunguko miwili inayokwenda kinyume. Nikageuza kiti nikamtazama kwenye kioo. Hakuwa kaka yake. Hakuwa na kitu cha kaka yake hata kimoja. Alikuwa msichana mwenye uso mwembamba ambaye sijawahi kumwona vizuri, na alikuwa anangoja nimwambie ninachokiona.

Juu ya sikio la kulia, mahali nywele zilipokuwa zinafunika, palikuwa na kovu refu kama kidole changu kidogo.

"Hili la nini?"

"Nilianguka kwenye ngazi za shule. Zamani."

"Mbona sikujua?"

"Mlikuwa hospitali na kaka. Ile siku aliyovunjika mkono. Mwalimu alinipeleka zahanati nikashonwa, nikaambiwa nisiwasumbue."

Mke wangu alitoa sauti pale mlangoni, ndogo tu. Alikuwa amezisuka nywele juu ya kovu lile miaka yote. "Nilidhani umezaliwa nalo," akasema. "Nilidhani ni alama."

Nikaliwekea kidole. Nikalipapasa mwanzo hadi mwisho ili mkono wangu ulijue, kwa sababu macho yangu nimeshayaona yanavyofanya kazi.

"Baba, nimefanana naye?"

"Hapana," nikamwambia. "Hata kidogo. Unafanana na wewe."

Akatabasamu, na halikuwa tabasamu la ukutani. Akaniambia asante baba, akamwambia asante mama. Mke wangu alimkumbatia mpaka kitambaa kikaanguka. Nikasema baki. Nilisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwambia mtu abaki anywe chai. Akatikisa kichwa chake kile kipya. Akabeba begi, lile lile la kaka yake, akatoka kwenye jua.

Tulisimama mlangoni. Alitembea bila kugeuka hadi duka la baiskeli, akageuka, akainua mkono, akapinda kona.

Kipara amekuja, amechungulia, ameondoka. Mteja mmoja amenyoosha kidole kwenye turubai akauliza namba tatu iko wapi, nikamwambia hakuna namba tatu. Mke wangu amekaa kwenye kiti alichokalia binti yake, ameinua miguu juu ili asikanyage. Nywele ziko pale pale zilipoanguka, bado zinanukia mafuta ya jana. Nimeshika ufagio, nimeurudisha nyuma ya mlango.

Sijafagia. Sijafunga.